Vumbi la mavuno, moshi wa mabua na kihisi kinachokosea kote kuwili

Mji mdogo uliozungukwa na mashamba hauna hewa chafu ya aina moja. Wakati wa kulima na kuvuna ni vumbi, mavuno yakiisha ni moshi wa mabua, na msimu wa kutia samadi ni ile amonia inayochoma pua. Kihisi kidogo cha leza kinachotundikwa ukutani kinavisoma vitu hivi vitatu kwa namna tatu, kwa hiyo anayeiamini namba ile ile mwaka mzima atashtuka siku ambayo hakuna neno, na atatulia siku ambayo angefunga madirisha.

Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza, na kipokezi kinachonasa mwanga unaotawanywa na chembe zinazopita. Hakipimi uzito hata kidogo. Kinaona mwanga, kisha kinakisia maikrogramu kwa kila mita ya ujazo.

Tuanze na mavuno. Vumbi la udongo, makapi na sehemu kubwa ya spora za ukungu wa mimea huzidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na chembe kubwa hivyo kihisi cha aina hii hakizioni vizuri. Utakuta PM2.5 (chembe zisizozidi maikromita 2.5) inasoma 12 na PM10 (zisizozidi 10) inasoma 15 huku mashine ya kuvuna imeacha wingu la kahawia hadi barabarani. Ile PM10 kwa sehemu kubwa imekisiwa kutokana na chembe ndogo. Msimu wa mavuno mimi siitazami kabisa. Ukiona vumbi kwa macho, amini macho, na anayepura au kugeuza nyasi kavu zilizoota ukungu avae barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, iliyobana usoni. Kitambaa hakitoshi, maana vijidudu vya nyasi zilizohifadhiwa mbichi ndivyo vinavyoleta ugonjwa uitwao mapafu ya mkulima.

Moshi ni kinyume chake. Chembe zake nyingi hazifiki hata maikromita 1, kihisi kinaziona vizuri zaidi, tena kinazidisha. Kwa vihisi vya leza vya kampuni ya PurpleAir, EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, ilitumia sahihisho hili: zidisha namba ghafi kwa 0.524, toa unyevu wa hewa (asilimia) uliozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Namba ghafi ikiwa 60 na unyevu 90, unapata kama 29. Ni nusu, ingawa bado ni mara mbili ya kiwango cha saa 24 cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mwaka 2021, yaani 15. Sahihisho hilo lilitokana na vipimo vya Marekani. Ukiwa na kituo rasmi cha kupima hewa karibu, linganisha nacho kwanza.

Hapo kwenye unyevu ndipo wengi wanapopotea. Alfajiri yenye ukungu, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kihisi kinaona chembe kubwa kuliko zilivyo. Lakini saa hizo hizo hewa baridi imelala chini, imefunikwa na hewa ya joto iliyo juu yake, na moshi wa jana jioni haujatoka. Namba ikishuka kutoka 40 hadi 15 jua linapopanda, sababu inaweza kuwa mojawapo au zote mbili. Sahihisha kwanza kwa unyevu: kinachobaki juu ndicho uchafu wa kweli.

Kifuniko hicho cha hewa unakijua ukitazama moshi. Unapanda kidogo, unasimama, unatandaa bapa kama umegonga dari. Ukiona hivyo, usiwashe moto wala usipulizie dawa, maana matone madogo nayo yatabaki yakielea hadi shamba la jirani. Kama kuchoma hakuepukiki, ni baada ya ardhi kupata joto, mabua yakiwa makavu kabisa, na moto uwe umekwisha kabla jua halijateremka. Mabua mabichi hayawaki, yanafukuta, na moto wa kufukuta ndio wenye moshi mwingi.

Amonia yenyewe kihisi hakiioni, kwa kuwa ni gesi. Ila ikikutana na asidi zinazotokana na moshi wa injini, hugeuka chembe laini, hasa siku za baridi na unyevu, na namba inapanda bila moto wowote kuonekana. Mbolea ya urea nayo hutoa amonia; ikifukiwa sentimita 5, au ikipata milimita 10 hadi 15 za maji ndani ya siku moja, sehemu kubwa inabaki udongoni.

Kihisi kitundike mita 2 hadi 3 kutoka chini, kivulini, mbali na jiko na barabara ya vumbi. PurpleAir za nje zina leza mbili, A na B; zikianza kutofautiana sana, fungua utazame, mara nyingi ni utando wa buibui kwenye tundu la feni.