Programu huria ina mwenyewe: soma mkataba kabla ya kuchangia

Tangu Redis, programu huria (iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha) ya kuhifadhi data, ibadilishe leseni yake mwaka 2024, sisi tunaopokea malalamiko ya leseni tunaletewa yanayofanana: kijana amechangia msimbo kwa miaka, kampuni imegeuza masharti, na sasa anaomba tuizuie. Mara nyingi hakuna cha kuzuia, kwa kuwa ruhusa aliitoa mwenyewe.

Redis ilianzishwa na Salvatore Sanfilippo wa Italia mwaka 2009, kwa leseni ya BSD. Leseni hiyo inaruhusu hata kampuni kuuweka msimbo ndani ya bidhaa iliyofungwa, mradi tamko la hakimiliki libaki. Wachangiaji walikuwa wengi, lakini jina lilikuja kuwa mali ya kampuni moja. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni hiyo ikatangaza kwamba matoleo yajayo hayatatoka tena kwa BSD. Lalamiko lake lilikuwa kwamba watoa huduma za wingu, yaani wanaokodisha kompyuta kwa njia ya mtandao, wanachuma bila kugharamia kazi. Tukubaliane nayo au la, haikuvunja leseni.

Siku nane baadaye, Linux Foundation, shirika lisilo la faida linalosimamia miradi huria, ilitangaza Valkey, programu iliyochipuka kutoka Redis. Wachangiaji walilichukua toleo la 7.2.4 la Redis, ambalo lilikuwa bado chini ya BSD, wakaendelea nalo. Jina hawakuweza kuondoka nalo, kwa sababu alama ya biashara haiendi na msimbo. Tumeeleza mara nyingi, na bado tunaulizwa: leseni mpya haifuti ruhusa ya toleo lililokwisha kutolewa. Aliye nalo anaendelea kulitumia. Mei 2025 Redis yenyewe iliongeza AGPL, leseni huria, lakini Valkey ilikuwa imeshajitegemea.

Kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo endeshi huo wa kompyuta, kiko tofauti. Kila mchangiaji hubaki na hakimiliki yake chini ya GPL toleo la 2, leseni inayotaka msimbo ukibadilishwa na kusambazwa ubaki huria, na chini ya kila badiliko huweka mstari wenye jina na barua pepe yake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Wenye haki ni maelfu, hivyo hakuna kampuni inayoweza kuigeuza leseni peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma msimbo, soma mkataba wa mchangiaji. Je, unahamisha hakimiliki, au unatoa ruhusa tu? Kampuni inaruhusiwa kuutoa msimbo wako kwa leseni nyingine? Kama umeajiriwa, soma pia mkataba wa ajira. Huenda msimbo huo ni wa mwajiri. Taasisi nazo ziulize nani anamiliki jina na nani anaidhinisha mabadiliko. DHIS2, programu ya taarifa za afya inayotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, ni ya BSD na inaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Hatusemi pana tatizo. Tunasema jambo hilo lijulikane mapema.

Wanaokiuka leseni nao wasijifariji kwamba programu ni ya bure. Chini ya kifungu cha 8 cha GPL toleo la 3, ukikiuka, haki zako zinakoma. Ukiacha ukiukaji, zinarudi kwa muda; mwenye hakimiliki asipokuarifu ndani ya siku 60 tangu uache, zinarudi kwa kudumu. Akikuarifu, na ni mara yako ya kwanza kuarifiwa naye, una siku 30 tangu kupokea taarifa kurekebisha. Zikipita, anaweza kukushtaki kwa ukiukaji wa hakimiliki.

Anayeleta lalamiko aje na nakala ya leseni ya toleo husika, mkataba aliokubali na kumbukumbu ya michango yake. Bila hivyo hatuwezi kufungua jalada.