Mbuzi akiwa uwanjani, goli linahesabiwa?

Mechi za mchangani zina mambo ambayo refa wa Ligi Kuu anaweza kustaafu bila kukutana nayo. Bodaboda inakatiza katikati ya kiwanja, mbuzi wanapita kwenye boksi, watoto wamekaa hadi wanagusa nyavu, mpira wa kiwanja jirani unaingia mechi ikiwa imenoga. Nimechezesha ndondo miaka mingi, na ugomvi ninaouona hausababishwi na mbuzi. Chanzo ni refa aliyepuliza mapema mno, au aliyepuliza sawa kisha akaanzisha mchezo kinyume cha sheria.

Swali la kwanza ni moja tu: kilichoingia kimeuingilia mchezo? Mbuzi yuko kwenye kibendera cha kona, mpira uko upande wa pili? Waache wacheze, atatolewa mpira ukitoka. Ukipuliza hapo unamnyima mtu shambulizi lake bure.

Kazi iko pale mpira unapokwenda golini. Straika kapiga, kipa kapitwa yuko chini, hakuna beki wa kuuwahi. Mtoto anachomoka nyuma ya nguzo, anaugusa, lakini mpira unaingia. Marefa wengi hulikataa goli hilo, na wanakosea. Ni halali, kwa sababu mtoto hakumzuia mlinzi yeyote kuucheza mpira. Sasa mtoto huyohuyo akiuzuia usivuke mstari, hakuna goli, hata kama mtaa mzima umeona ulikuwa unaingia. Unapuliza, unamdondoshea kipa mpira, yaani unauachia kutoka mkononi udondoke chini mchezo uendelee. Hapo utazingirwa na mashabiki, na kwa kweli uchungu wao naulewa, lakini sheria haikupi ruhusa ya kutoa goli ambalo halikuingia.

Wakubwa nao huteleza. Tarehe 17 Oktoba 2009, Sunderland ikicheza na Liverpool, shuti la Darren Bent liligonga mpira wa plastiki wa ufukweni uliokuwa umetupwa uwanjani, likabadili njia na kumpoteza kipa Pepe Reina. Goli lilikubaliwa na mechi ikaisha 1-0. Ilipaswa kuwa mpira wa kudondosha, maana kipa alinyimwa nafasi ya kuudaka.

Halafu angalia ni nani aliyeingia. Mchezaji wa akiba anayepasha nyuma ya goli, au kocha, akiingia kwenye boksi lao na kuokoa mpira, hiyo si habari ya kudondosha. Ni penalti, na kadi juu yake. Ndiyo maana kabla ya mechi nawaondoa wote nyuma ya magoli, waende kupashia pembeni.

Kudondosha kwenyewe bado kunatusumbua. Naona marefa wakiita wachezaji wawili wagombee, utaratibu uliofutwa mwaka 2019. Mchezo ukisimamishwa mpira ukiwa ndani ya boksi, anadondoshewa kipa wa goli hilo. Kwingineko anadondoshewa mchezaji mmoja wa timu iliyokuwa na mpira, na wengine wote wa timu zote mbili wakae mita 4 au zaidi. Ukipigwa ukaingia kwenye goli la wapinzani bila kuguswa na wachezaji wawili, ni goli kiki.

Viwanja vikipakana, filimbi nazo huchanganyana. Beki akisikia kipyenga cha jirani, akadaka mpira akidhani umesimamisha, usimpe mtu penalti. Simamisha, dondosha.

Jambo la mwisho, goli likifungwa hesabu watu kabla ya kuanzisha kati. Ukigundua timu iliyofunga ilikuwa na mtu wa ziada ndani wakati wa goli, unalifuta na wapinzani wanapata faulo ya kupiga moja kwa moja, pale alipokuwa mtu huyo. Ukishapuliza na mpira ukachezwa, goli limebaki. Kinachofuata ni kumtoa mtu huyo na kuandika tukio kwenye ripoti yako.