Mtoto wa mbwa hakukomoi

Katika kazi hii ya kufundisha mbwa, sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mwalimu, huyu ananikomoa." Mtu kamchukua mtoto wa mbwa wa wiki nane au tisa, kamtoa nje robo saa nzima, mbwa hakufanya chochote. Wamerudi ndani, hata mlango haujafungwa, kakojoa sakafuni. Au kamwacha peke yake kidogo, anarudi anakuta kiatu kimetafunwa, na mbwa yuko kando, masikio yamelala nyuma, mkia kati ya miguu, macho anayakwepesha. "Unamwona? Anajua kabisa alichofanya."

Hajui. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alilichunguza jambo hili. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Nyuma yake, baadhi ya mbwa walikula chakula kile na wengine hawakukila, na mwenye mbwa aliporudi aliambiwa habari ambayo mara nyingine haikuwa ya kweli. Ule uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mbwa alipogombezwa, awe amekula au hajala. Tena waliouonyesha kwa nguvu zaidi ni wale waliogombezwa bila kosa. Tunachokiita hatia ni mbwa anayesoma sauti yako na mwili wako, akijaribu kukutuliza.

Naanza na hili kwa sababu karibu kila adhabu isiyo na maana inayompata mtoto wa mbwa inatoka kwenye imani kwamba anafanya makusudi. Ukiiweka imani hiyo kando, unabaki na maswali yanayojibika. Ana umri gani? Amebanwa? Amechoka? Na jana, katika hali kama hii, alipata nini?

Tuchukue mkojo, maana ndio unaowachosha watu kuliko yote. Mtoto wa wiki nane bado hana uwezo wa kutegemewa wa kubana mkojo, na wengi huufikia baada ya kuvuka miezi minne. Kuna hesabu ya makadirio tunayoitumia: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kukaa. Mtoto wa miezi miwili, saa tatu. Ila hicho ni kikomo cha juu, akiwa amelala au ametulia. Akiwa anacheza na kukimbia, nusu saa inaweza kuwa nyingi. Kwa hiyo mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza mchezo, kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila saa. Jifunze pia dalili zake. Anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anaanza kuzunguka duara dogo au kuelekea kona asikoelekea siku zote. Hapo una sekunde chache tu, mbebe utoke naye.

Sasa yule anayekaa nje robo saa kisha akakojoa ndani. Mara nyingi kuna sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza, nje kuna harufu na sauti nyingi mno, alikuwa na kazi ya kuzisoma na amesahau haja yake. Akiingia ndani kwenye utulivu, kibofu kinamkumbusha. Dawa yake ni kusimama naye mahali palepale kila siku, kamba ikiwa fupi, wewe kimya, bila kumchezea mpaka amalize. Ya pili, kila akikojoa nje mnarudi ndani papo hapo, naye amegundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza matembezi. Akishamaliza, mpe dakika chache za mchezo kabla ya kurudi. Ya tatu ndiyo inayoniuma: aliwahi kukaripiwa alipokuwa akikojoa ndani mbele ya mtu. Somo alilolipata ni kwamba kukojoa mbele ya binadamu ni hatari. Mtoto kama huyo atakuzungusha nje saa nzima, kisha atakwenda kujificha nyuma ya kiti. Wanaomsugua pua kwenye mkojo wanamfundisha hilohilo kwa ukali zaidi.

Zawadi itoke ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kumaliza, hapohapo nje aliposimama. Ukisubiri mpaka mfike jikoni, umemzawadia kwa kuingia jikoni. Ndani napo, sehemu aliyokojoa isafishwe kwa sabuni yenye vimeng'enya, inayovunjavunja harufu yenyewe. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya mkojo na inaweza kumrudisha palepale. Na kama anakojoa matone madogo madogo kila mara, analia akikojoa, au alikuwa ameshazoea na ghafla ameharibika, acha mafunzo kwanza uende kwa daktari wa mifugo. Maambukizi ya njia ya mkojo hayafundishiki.

Kuhusu kung'ata. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba na makali. Kuanzia karibu miezi minne yanadondoka, na hadi miezi sita au saba yanakuwa yameshapisha meno 42 ya utu uzima. Kipindi chote hicho fizi zinamsumbua, na mdomo ndio anaoutumia kuipima dunia. Anapokuwa na ndugu zake, huwa anajifunza kiasi cha nguvu: akibana mno, mwenzake anaacha mchezo na kuondoka. Ndiyo maana nawasihi watu wasimchukue mtoto kabla ya wiki nane, hata akionekana anakula vizuri. Masomo ya mdomo anayoyapata kwa mama na ndugu zake ni magumu sana kuyafidia baadaye.

Nyumbani fuata kanuni ya ndugu zake. Akibana ngozi, mchezo unakufa: mikono inatulia, hutazami, huongei. Usiuchomoe mkono kwa kasi, kwa sababu kitu kinachokimbia kinamwita akikimbize. Akishalegeza, mpe kitu kinachoruhusiwa kutafunwa na mchezo uendelee. Kitambaa kilicholowanishwa na kugandishwa kinazituliza fizi, mradi uwe unamwangalia asikimeze. Kuna ushauri ulioenea wa kupiga ukelele kama mtoto wa mbwa aliyeumia. Mimi siupendi. Kuna watoto wanaoacha, na kuna wengi ambao ukelele unawapandisha mori.

Kuna kung'ata kwa aina nyingine, na huku watu wanakuona jioni. Mtoto aliyekuwa mpole mchana kutwa anaanza kukimbia chumba kizima, anarukia pindo la suruali, ukimkataza anaongeza, ukimshika anageuka na kung'ata kwa nguvu asizozitumia mchana. Wenye mbwa huniambia ana nguvu nyingi, wamtembeze zaidi. Nikiwauliza leo amelala mara ngapi, hawakumbuki. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na katika nyumba yenye watoto na wageni, kila akisinzia kuna mtu anamwamsha. Huyo ni mtoto aliyechoka kupita kiasi. Mpeleke kwenye kizimba chake au kona yenye utulivu, punguza mwanga, mpe kitu cha kulamba au kutafuna taratibu. Wengi wanalala ndani ya dakika chache. Kwa kawaida humwambia mwenye mbwa apange usingizi kwanza, kisha ndipo tuzungumzie kung'ata kulikobaki.

Hapa ndipo wenye mbwa hunitajia "samaki mkunje angali mbichi", wakimaanisha kofi dogo, kumbana mdomo, au kumlaza chali kwa nguvu ili ajue mkubwa ni nani. Nakubali kwamba umri huu ndio wa kumkunja. Ila hayo wanayoyataja yanamfundisha kuogopa mikono. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Wale waliofundishwa kwa adhabu na maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Na hadithi ya mbwa mkubwa anayetawala kundi kwa mabavu inatokana na mbwa mwitu (wolf) waliofugwa pamoja bila kuwa na undugu, walioelezwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao.

Usiku wa kwanza atalia. Hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimrudisha mama yake. Ushauri wa kumfungia chumba cha mbali "alie mpaka azoee" naupinga waziwazi. Weka kizimba chake karibu na kitanda chako, uweze kushusha mkono akausikia. Akilia katikati ya usiku baada ya kulala saa kadhaa, mtoe akojoe bila mazungumzo wala mchezo, umrudishe. Kizimba unaweza kukisogeza taratibu, usiku baada ya usiku, kuelekea unapotaka alale. Mchana anza kumzoesha upweke kwa vipimo vidogo: toka chumbani sekunde chache, rudi kabla hajaanza kulia, ongeza kidogo kidogo. Anayejifunza upweke akiwa ametulia ataumudu. Anayeujifunza akiwa na hofu, hofu hiyo hukua naye.

Sasa jambo ninalotamani kila mwenye mtoto wa mbwa alijue kabla hata ya mkojo, kwa sababu mkojo unaweza kurekebishwa wakati wowote na hili haliwezi. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa unaamua vitu gani duniani ni vya kawaida. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, Marekani, na kuuchapisha mwaka 1965, walionyesha kwamba watoto waliokosa kukutana na watu katika wiki hizo walibaki waoga kwa binadamu. Dirisha hili linajifunga wakati ambao chanjo zake bado hazijakamilika, kwa kuwa chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16 au zaidi. Mwenye mbwa mwangalifu anamfungia ndani mpaka sindano ya mwisho, kisha anamtoa nje mbwa anayetetemeka.

Chama cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama nchini Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo wake mwaka 2008: mtoto anaweza kuanza madarasa akiwa na wiki 7 hadi 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo. Zungumza na daktari wako kuhusu magonjwa ya eneo ulipo, hasa parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa. Epuka sehemu wanakojisaidia mbwa usiowajua. Lakini mbebe. Mkae mbali kidogo na barabara, asikie pikipiki, aone mwavuli ukifunguliwa, mtu mwenye ndevu, mtoto anayekimbia, fimbo, kofia, ngazi.

Wala kumzoesha si kumpitisha mikononi mwa kila mtu. Mtazame usoni. Akianza kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, kugeuza kichwa, au kukataa kipande anachokipenda kila siku, amezidiwa. Rudi nyuma hatua kadhaa mpaka ale tena, kisha mkitazame kitu hicho mkiwa hapo. Dakika tano za namna hii zina faida kuliko saa nzima sokoni.

Mengine ni mepesi zaidi. Anayerukia watu amejifunza kwamba akiruka anatazamwa na kushikwa. Miguu minne ikiwa chini ndipo apate salamu, na wageni wote waambiwe hivyo, kwani mmoja tu akimsalimu akiwa ameruka, kazi inarudi nyuma. Anayenguruma kwenye bakuli usimnyang'anye kumwonyesha ubabe, wala usimkaripie kwa kunguruma, kwa kuwa ukiliua onyo hilo siku moja atang'ata bila onyo. Pita mbali kidogo, mtupie kitu kitamu kuliko anachokula, uondoke. Atajifunza kukuona ukija kama habari njema. Na neno "njoo" usilitumie kumwita aje kuogeshwa, kukatwa kucha au kufungiwa. Kwa hayo, mfuate mwenyewe alipo.

Halafu, mambo yakishanyooka, anafika miezi sita, saba, minane, na anaonekana amesahau kila kitu. Ndipo simu za "ananikomoa" zinaanza upya, na ndipo mbwa wengi hutafutiwa nyumba nyingine. Watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba mbwa wa miezi minane walipuuza amri ya "kaa" zaidi kuliko walipokuwa na miezi mitano, tena walimpuuza mlezi wao huku wakimtii mtu mgeni. Huo ni ujana, balehe ya mbwa. Rudisha kamba ndefu mahali ambapo ulishaanza kumwachia, rudisha zawadi ulizokuwa umepunguza, fupisha masomo, na urudie maneno aliyoyajua akiwa mdogo katika sehemu tulivu kabla ya kumpeleka penye vishawishi. Kwa tathmini ya walezi katika utafiti huohuo, kwenye miezi 12 mbwa walikuwa wamerudi kufundishika kuliko walivyokuwa kwenye miezi minane.