Je, Wajua Kifurushi cha Vinywaji Melini Humlipa Nani?

Abiria anayejiandikisha kwa safari ya meli ya utalii hukutana mapema na swali ambalo nauli yake haikulijibu: anunue kifurushi cha vinywaji, yaani alipe kiasi maalumu kwa kila siku na kunywa karibu chochote atakacho, au alipie kila glasi anapoiagiza? Nauli ya kawaida hujumuisha chumba, chakula katika migahawa mikuu na burudani nyingi, pamoja na maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi za wakati wa kifungua kinywa. Soda, kahawa maalumu kama espresso, maji ya chupa, bia, mvinyo na kokteli hulipiwa kando. Jambo hili huonekana kuwa la hesabu ndogo, na kwa kiasi fulani ni hivyo, lakini hesabu inayofanywa na watu wengi huanzia mahali pasipofaa, na hapo ndipo fedha hupotea.

Ili kuielewa bei ya kifurushi, ni vyema kwanza kuijua nafasi ya vinywaji katika biashara yenyewe. Makampuni makubwa ya meli za utalii, kama Carnival Corporation, Royal Caribbean Group na Norwegian Cruise Line Holdings, hugawa mapato yao katika mafungu mawili kwenye taarifa za fedha za kila mwaka: mapato ya tiketi, na mapato ya matumizi ya abiria wakiwa safarini pamoja na mengineyo. Mwaka 2023 fungu hili la pili lilikuwa takribani theluthi moja ya mapato yote ya kila mojawapo ya makampuni hayo. Nauli hushindaniwa hadharani, kwa kuwa msafiri anaweza kulinganisha bei kabla ya kununua; bei ya bia haishindaniwi, kwa kuwa meli ikishang'oa nanga hakuna baa ya mtu mwingine ya kwenda. Kifurushi huiwezesha kampuni kupokea sehemu ya fedha hizo mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya safari, tena bila kutegemea hali ya hewa, kichefuchefu cha bahari au usingizi wa abiria. Hilo halimaanishi kwamba kila mnunuzi hula hasara, maana watu hawanywi sawa. Linamaanisha kwamba bei imepangwa na mtu mwenye kumbukumbu za unywaji wa abiria wengi mno, ilhali mnunuzi ana makisio yake tu.

Tuchukue mfano wa bei za kubuni, lakini zisizo mbali na zile zinazotozwa. Tuseme kifurushi ni dola 70 kwa siku na kokteli moja ni dola 13. Makampuni mengi huongeza ada ya huduma ya asilimia 18 au 20 juu ya vyote viwili, yaani juu ya bei ya kifurushi na juu ya bei ya kila kinywaji kinachonunuliwa baa. Kwa asilimia 18, kifurushi hufikia dola 82.60 na kokteli dola 15.34. Ukigawa 70 kwa 13, au 82.60 kwa 15.34, utapata jibu lile lile: kokteli tano na kidogo, kwa hiyo ni ile ya sita inayoanza kumletea mnunuzi faida. Ada ya huduma haibadilishi idadi hiyo ikiwa imewekwa pande zote mbili za hesabu. Huipotosha tu pale mtu anapolinganisha kifurushi kisicho na ada na kinywaji kilichokwisha kuongezewa ada, kwani hapo kokteli nne na nusu huonekana kutosha. Anayekunywa bia ya dola 8 atahitaji bia tisa kwa siku kabla ya kuvuka mstari huo.

Hesabu hiyo ni ya siku moja, na safari haina siku moja. Kifurushi kwa kawaida hununuliwa kwa kila siku ya safari, ikiwemo siku ya kupanda meli, ambayo kwa abiria wengi huanza mchana au alasiri. Siku meli inapotia nanga bandarini, abiria huenda nchi kavu kwa saa nyingi, akala na kunywa huko kwa fedha nyingine, kwa sababu kifurushi hakifanyi kazi nje ya meli isipokuwa katika baadhi ya visiwa na fukwe zinazomilikiwa na kampuni yenyewe, kama CocoCay ya Royal Caribbean huko Bahamas. Chukua safari ya usiku saba ambayo siku tatu meli iko baharini kutwa, na siku nne zilizobaki, pamoja na ile ya kupanda, meli iko bandarini. Abiria anakunywa kokteli saba katika kila siku ya baharini, idadi inayopita mstari wa faida bila shaka yoyote, na tatu katika kila siku ya bandari. Jumla ni kokteli 33, ambazo kwa bei ya mfano wetu ni dola 429 kabla ya ada. Kifurushi cha siku saba kingemgharimu dola 490. Amepoteza dola 61 kabla ya ada, ingawa jioni za baharini aliamini kuwa anaikomoa kampuni. Kwa hiyo ratiba ya safari ni ya kusomwa kabla ya orodha ya vinywaji: safari ya kuvuka bahari ya Atlantiki, yenye siku nyingi mfululizo bila bandari, na safari ya Mediterania inayotia nanga karibu kila asubuhi, hazina jibu moja hata kwa mtu yule yule.

Watetezi wa kifurushi hujibu kwamba hakihusu pombe peke yake, na wana hoja. Ndani yake huwamo pia kahawa maalumu, soda, maji ya chupa na kokteli zisizo na kilevi. Mtu anayekunywa kahawa mbili za dola 5, chupa ya maji ya dola 3 na soda ya dola 4 amekwisha kufikia dola 17, na kokteli zinazohitajika zinashuka hadi nne na kidogo. Hata hivyo, kila kitu kinachoingizwa kwenye hesabu hii kinapaswa kupita mtihani mmoja: je, ningekinunua kama ningepaswa kukilipia peke yake? Maji ya bomba melini, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi na kutiwa dawa, ni salama kunywa na hayana malipo. Mtu anayeridhika nayo nyumbani na melini hana sababu ya kuhesabu chupa ya dola 3 kama faida, kwa kuwa asingeitoa dola hiyo. Vivyo hivyo kahawa ya pili inayoagizwa kwa sababu tu imekwisha kulipiwa haina thamani ya dola 5 kwa mnywaji wake; huenda ina thamani ya dola moja, au haina kabisa. Idadi ya vinywaji mtu anavyoweza kunywa akiwa na kifurushi haitoi jibu. Inayotoa jibu ni idadi ya vile ambavyo angevinunua bila kifurushi, na idadi hii ya pili karibu daima ni ndogo.

Kwa nini basi idadi ile ya kwanza, ya vinywaji tunavyoweza kunywa, hutushinda nguvu? Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliwachunguza wanachama wa kumbi za mazoezi nchini Marekani na kukuta kwamba waliochagua mkataba wa mwezi walikuwa wakilipa, kwa wastani, zaidi ya dola 17 kwa kila mara waliyohudhuria, ingawa wangeweza kulipa dola 10 kwa kutumia tiketi ya mara kumi. Walijikadiria kuwa wangehudhuria mara nyingi kuliko walivyohudhuria. Msafiri anayejaza fomu miezi mitatu kabla ya likizo hujikadiria vivyo hivyo: humwona mtu aliyepumzika, mwenye kiu, asiye na kichwa kinachouma asubuhi ya siku ya nne. Kisha, fedha ikishatoka, huanza nguvu nyingine. Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio ambalo baadhi ya wanunuzi wa tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza walipewa punguzo kwa bahati nasibu. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopunguziwa, japo fedha hizo hazikuweza kurudi kwa vyovyote. Kwenye meli, nguvu hiyo humsukuma mtu kuagiza glasi asiyoitamani ili "arudishe" kilichokwisha kwenda.

Hapo suala la afya huingia katika hesabu lenyewe. Kokteli yenye mililita 45 za pombe kali ya asilimia 40 ina mililita 18 za alkoholi safi. Kokteli sita kwa siku, kiwango cha chini cha faida katika mfano wetu, kwa siku saba ni kokteli 42, yaani mililita 756 za alkoholi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unawashauri watu wazima wasizidi vipimo 14 kwa wiki, ambavyo ni sawa na mililita 140. Mtu anayefanikiwa kukifanya kifurushi kimlipe kwa kokteli pekee amepita kiwango hicho zaidi ya mara tano, na Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Makampuni nayo hayakuacha mlango wazi kabisa: kifurushi cha Carnival, kwa mfano, huishia kwenye vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, na vifurushi vingi huweka ukomo wa bei kwa kinywaji kimoja, ambapo kinachozidi hulipiwa.

Sharti linalolalamikiwa zaidi, na ambalo kwa maoni yangu lina mantiki nzuri kuliko yote, ni lile la chumba. Katika makampuni kama Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wenzake wa chumba kile kile hulazimika kununua pia, isipokuwa kampuni ikubali kumsamehe mmojawapo kwa sababu kama ujauzito au ugonjwa. Sababu ya kwanza ni ya wazi: kifurushi kimoja kisije kikanywewa na watu wawili. Ya pili ni tatizo lile lile linalowasumbua wauza bima. Kama kila mtu angechagua kwa uhuru, wangenunua wanywaji wakubwa peke yao, gharama ya wastani ingepanda, bei ingepandishwa, wanywaji wa kadiri wangejitoa, na bei ingelazimika kupanda tena. Kumfunga mnywaji mkubwa pamoja na mwenzake asiyekunywa sana huuvunja mzunguko huo. Kwa wanandoa, matokeo yake ni kwamba hesabu hufanywa kwa chumba: kwa bei zetu za mfano, wawili hao wanahitaji jumla ya kokteli 11 kwa siku. Mume anayekunywa nane na mke anayekunywa moja wamefikia dola 117 dhidi ya dola 140 za vifurushi viwili.

Wapo wanaolipwa na kifurushi kihalali kabisa. Mtu ambaye nyumbani hunywa kahawa ya mashine kila asubuhi, soda kila mchana na mvinyo kila mlo wa jioni, akisafiri na mwenzake mwenye mazoea kama yake katika safari yenye siku nyingi za baharini, atafikia mstari wa faida bila kujilazimisha. Yupo pia asiyeufikia lakini akanunua kwa kujua, kwa sababu anachukia kutia sahihi risiti kila mara na kukutana na bili ndefu asubuhi ya kushuka. Huyo sioni kosa lake, mradi ajue bei ya utulivu huo; katika mfano wa kokteli 33 ilikuwa dola 61, au karibu dola 72 pamoja na ada. Asiyekunywa pombe ana njia nyepesi zaidi, kwani makampuni mengi huuza vifurushi vya soda au vya vinywaji visivyo na kilevi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Tahadhari nyingine ni kwa neno "bure". Kwa miaka mingi Norwegian imeuza nauli zenye kifurushi cha vinywaji kisicho na malipo, lakini abiria alitozwa ada ya huduma ya asilimia 20 ya bei iliyotajwa ya kifurushi hicho, zaidi ya dola 20 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kiasi cha kubadilisha jibu kwa watu wengi, ila bado kinatoka mfukoni. Meli za kifahari kama za Regent Seven Seas na Silversea huingiza vinywaji katika nauli moja kwa moja, na kwa hiyo anayelinganisha nauli zao na za meli za kawaida anapaswa kuziongezea hizi za pili gharama ya vinywaji kabla ya kusema ipi ni ghali.

Wakati wa kununua nao una uzito wake. Bei za Royal Caribbean hupanda na kushuka kulingana na meli na tarehe, na anayenunua mapema anaweza kufuta ununuzi kabla ya safari na kununua upya bei ikishuka. Ndani ya meli, bei mara nyingi huwa juu zaidi. Anayeamua kungoja anaweza kulipia glasi moja moja siku ya kwanza na kuitazama bili yake usiku, ingawa akibadili nia baadaye, kwa kawaida atauziwa siku zote zilizobaki kwa pamoja, za bandari zikiwemo.