Mwati wa dhahabu haudekezwi

Huku Melbourne ikifika mwisho wa Julai, baridi bado inauma, mti uitwao mwati wa dhahabu (golden wattle) unaanza kuchanua njano tupu na simu yangu inajaa picha za watu wanauliza mbona wa kwangu umekauka. Kazi yangu ni kuotesha miche ya asili ya Australia, na nikiwauliza wanautunzaje karibu wote wananijibu maji kila siku na mbolea juu yake. Hapo hapo ndio tatizo jamani.

Kitaalamu ni Acacia pycnantha, kwao ni Victoria, Australia Kusini na kusini mwa New South Wales, kichaka kikubwa au kamti ka mita 3 mpaka 8 hivi, na tangu 1 Septemba 1988 ndio ua rasmi la taifa la Australia. Mtu wa Njombe atasema aah si miwati hii, ni ndugu kweli, ila ile ya kule ni mwati mweusi.

Sasa angalia jani lake. Lile refu limepinda kama mundu sio jani, ni kikonyo, yaani kile kijiti kinachoshika jani, kilichotanuka kikachukua kazi ya jani, tunaita filodi. Mche ukiota unatoa kwanza vijani vidogo vidogo kama vya mgunga kabisa, halafu taratibu vikonyo vinatanuka na vile vijani vinapotea, kila mwaka nasimama kitaluni naangalia na wala sichoki. Filodi ni ngumu, haipotezi maji ovyo, huu mti umezoea udongo mkavu wa changarawe usio na rutuba, na mizizi ina vinundu vya bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mmea. Sasa mbolea ya nini?

Upe jua, na udongo usiotuamisha maji, kama ni mfinyanzi inua tuta. Mwagilia kiangazi cha kwanza mpaka mizizi ishike, basi. Pogolea maua yakiisha tu, na usikate mpaka kwenye tawi kuukuu lisilo na majani maana halichipui. Na jua kwamba hauishi sana, miaka 15 mpaka 30, kwa hiyo otesha mwingine mapema.

Mbegu ina ganda gumu, porini inangoja moto upite ndio iamke, nyumbani unaimwagia maji yaliyotoka kuchemka unaiacha usiku kucha, zilizovimba panda, zilizobaki ngumu rudia.

Wengi mnaniomba niwatumie mbegu huko Kenya na Tanzania. Situmi, samahanini. Afrika Kusini ulipelekwa ukageuka gugu, mpaka wakaleta nyigu kutoka Australia anayetaga kwenye vichipukizi vya maua ili usizae mbegu nyingi. Ukitaka njano ya namna hii tafuta mgunga wa huko huko, Vachellia seyal, nao maua yake ni vijipira vya njano na nyuki wanaupenda.