Gharama za notari Ufaransa: dhana potofu na ukweli kwa mnunuzi wa nyumba

Anayenunua nyumba nchini Ufaransa hukutana mapema na msemo ambao wauzaji, benki na mawakala wa nyumba huutamka kana kwamba hauhitaji maelezo: "frais de notaire", yaani gharama za notari (afisa anayeandika na kuthibitisha hati za uuzaji), ambazo mnunuzi hulipa juu ya bei ya nyumba. Msemo huo ni wa mazoea tu, na umewapotosha wanunuzi wengi, kwa kuwa unamtaja mpokeaji wa fedha hizo na kuwanyamazia wale wanaobaki nazo. Dhana nyingi zinazofuata zimetokana na jina hilo.

Dhana potofu: asilimia 7 au 8 ya bei ya nyumba humwendea notari.

Ukweli ni kwamba notari hukusanya fedha hizo zote kwa mkupuo mmoja, kisha sehemu kubwa mno huipeleka kwingine. Yeye ni afisa wa umma anayeteuliwa na Waziri wa Sheria, na miongoni mwa kazi zake ni kukusanya kodi ya uhamisho wa milki kwa niaba ya departementi (eneo la kiutawala lililo kubwa kuliko manispaa), manispaa na dola. Tuchukue nyumba iliyokwisha kukaliwa, inayouzwa euro 250,000. Kodi hiyo, kwa kiwango kilichozoeleka cha takriban asilimia 5.81, inafika euro 14,500 na ushee. Tangu Aprili 2025 departementi zimeruhusiwa, kwa muda wa miaka mitatu, kupandisha fungu lao kutoka asilimia 4.5 hadi 5, na kodi yote kwa jumla ikawa kama asilimia 6.32 pale zilipofanya hivyo; nyongeza hiyo haimgusi anayenunua nyumba ya kuishi kwa mara ya kwanza.

Ujira wa notari mwenyewe umepangwa na serikali kwa ngazi, na kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2021 unahesabiwa hivi: asilimia 3.870 kwa euro 6,500 za kwanza, asilimia 1.596 kutoka hapo hadi 17,000, asilimia 1.064 hadi 60,000, na asilimia 0.799 kwa kinachozidi. Kwa nyumba yetu hesabu hiyo inatoa takriban euro 2,395, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 inafika karibu euro 2,874. Yapo pia malipo ya kushughulikia hati za uuzaji, pamoja na fedha ambazo notari hutanguliza kwa ajili ya mteja ili kupata nyaraka za mipango miji, za ramani za viwanja na za usajili. Hata ukiyajumlisha yote hayo, kodi bado inayaacha mbali.

Dhana potofu: ukijua kubembeleza, notari atapunguza.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza nguvu zao bure. Kodi haina mjadala, wala notari hana mamlaka ya kuigusa. Kwa upande wa ujira wake, sheria inamruhusu kutoa punguzo lisilozidi asilimia 20, tena kwa sehemu ya bei inayozidi euro 100,000 pekee, na kwa sharti kwamba punguzo hilo liwe sawa kwa wateja wake wote; huwezi basi kupewa wewe kwa kuwa ulikuja na maneno matamu. Katika mfano wetu, punguzo la juu kabisa ni kama euro 240 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Si fedha ya kudharauliwa, lakini haifai kuwa sababu ya kuhangaika kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Panapofaa kuangaliwa ni msingi wa hesabu, yaani kiasi kinachotozwa kodi. Kodi ya uhamisho hutozwa juu ya jengo na ardhi, si juu ya vitu vinavyohamishika. Muuzaji akiacha jiko, jokofu, makabati yasiyoshikamana na ukuta au fanicha za bustani, thamani yake inaweza kuandikwa kando katika hati ya uuzaji na kuondolewa kwenye kiasi kinachotozwa. Vitu vya euro 8,000 vinapunguza kodi kwa takriban euro 464, karibu mara mbili ya lile punguzo ambalo watu hulipigania. Thamani hiyo lazima iwe ya kweli, kwa hali ya vitu vilivyotumika, na iambatane na orodha. Mamlaka ya kodi ina haki ya kuhoji, na anayeandika sofa kuukuu kwa bei ya duka anajitafutia taabu.

Kamisheni ya wakala nayo inahusika. Ikiwa imepangwa kulipwa na mnunuzi na ikaonyeshwa peke yake, haiingii katika msingi wa kodi. Ikiwa juu ya muuzaji, huwa imekwisha kufichwa ndani ya bei, na mnunuzi anaitolea kodi pia. Jambo hili huamuliwa katika mkataba wa wakala na aliyempa kazi, kwa hiyo swali liulizwe mapema, si siku ya kutia saini.

Dhana potofu: nyumba mpya haina kodi kubwa, basi ni nafuu.

Ni kweli kwamba kwa nyumba mpya kutoka kwa mjenzi gharama hizi hushuka hadi kati ya asilimia 2 na 3, kwa kuwa kodi ya usajili ni asilimia 0.715 tu. Lakini bei ya nyumba hiyo kwa kawaida imebeba ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Serikali imekwisha kuchukua chake kwa mlango mwingine.

Dhana potofu: manotari wawili ni gharama mara mbili.

La. Mnunuzi akija na wake na muuzaji na wake, hao wawili hugawana ujira uleule mmoja. Binafsi sioni sababu ya mnunuzi kukosa wake, hasa ikiwa lugha ya nyaraka inamtatiza.

Dhana potofu: muuzaji na mnunuzi hugawana gharama.

Kifungu cha 1593 cha Sheria ya Madai ya Ufaransa kinaziweka juu ya mnunuzi. Pande mbili zinaweza kukubaliana vingine, ila hilo ni nadra.

Dhana potofu: mkopo wa benki hauhusiani na notari.

Unahusiana iwapo benki itataka rehani juu ya nyumba, kwa kuwa rehani huandikwa kwa hati ya notari, husajiliwa, na gharama yake huongezwa kwenye hesabu ileile. Dhamana ya kampuni ya udhamini haipiti kwake, ingawa nayo ina bei yake. Benki nyingi, isitoshe, hutarajia gharama zote za notari zitoke kwenye akiba ya mnunuzi mwenyewe, na asiyelijua hili anaweza kujikuta na mkopo uliokubaliwa lakini hana cha kupeleka siku ya saini.

Dhana potofu: ulicholipa siku ya saini ndiyo hesabu ya mwisho.

Siku hiyo unalipa makadirio, na aghalabu notari huyaweka juu kidogo ili asipungukiwe. Hesabu kamili hufungwa baada ya usajili kukamilika, jambo linaloweza kuchukua miezi, kisha mnunuzi hupewa mchanganuo wa kila kilichotumika pamoja na kurudishiwa kilichozidi. Usipoupokea, uandikie ofisi hiyo na kuudai.