Dimbwi la msimu likifufuliwa, liacheni likauke

Kosa kubwa la wanaofufua madimbwi ya msimu kaskazini mwa Mombasa ni kuyachimba yawe na maji mwaka mzima. Kwa macho yapendeza. Kwa Nothobranchius interruptus, kisamaki cha sentimita chache kilichoelezwa kisayansi mwaka 1979 kutoka Kikambala, ni msiba.

Maisha yake ni ya mvua moja. Hutaga kwenye tope, yai mojamoja. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, mayai yakabaki hai ardhini kwa miezi. Ukuaji wa yai waweza kusimama katika hatua tatu, na mayai hayaendi sambamba. Mvua ikidanganya, ikanyesha siku mbili jua likarudi, akiba haiishi yote. Ila tope lisipokauka hewa huwa haba, mayai mengi yakaendelea kulala. Isitoshe, maji ya kudumu hulea kambare, na kambare hana huruma.

Basi anza na kijiti chenye alama kila sentimita 5. Kichomeke katikati, ukisome kila wiki tangu masika yaanze hadi maji yakatike. Bila kumbukumbu hiyo hujui unachokirudisha. Kisha sokota tope liwe uzi mnene kama kalamu, ulikunje duara. Lisipokatika, ni mfinyanzi. Likikatika, mchanga umezidi: maji yatazama upesi, na mayai yatakosa unyevu wa kuyavusha kiangazi. Nyufa pana wakati wa ukame ni dalili njema.

Kazi ngumu ni kuondoa kifusi kilichojaza dimbwi. Kiondoe kwa majembe na toroli, kiangazi, usimame pale pale rangi inapogeuka kuwa ya tope jeusi la zamani. Mayai yako juujuu. Tingatinga likikwangua sentimita 15 limekwenda kutupa kizazi kizima, na uzito wake hushindilia kilichobaki. Fufua nusu mwaka huu, nusu mwaka ujao. Kina kisizidi nusu mita, na kingo zilale: kwa kila sentimita 10 za kina, mita moja ya mteremko. Nyasi na ndago za ukingoni ziacheni.

Mtaro wa barabara ugeuzwe kando. Huleta mafuta na mchanga. Na msilete samaki wa mbu, yaani Gambusia, samaki wa kigeni wanaopandwa ili wale viluwiluwi vya mbu: huwala vifaranga, ilhali visamaki wenyeji nao hula viluwiluwi hivyo bila kuombwa.

Kagua kati ya wiki ya tatu na ya sita tangu dimbwi lijae, kwa wavu wa mkono wenye matundu ya milimita 3. Dume ana rangi kali. Jike ni wa kahawia hafifu, na kwa jike peke yake usitaje spishi. Usipoona kitu mwaka wa kwanza, usikimbilie kuleta samaki wa dimbwi jingine, utachanganya koo zilizotengana siku nyingi. Mayai huenda bado yamelala. Ngoja misimu mingine miwili ya mvua.